Shajara ya mradi: WAR ya zamani, seva mpya, na jar zinazogombana

Kazi yenyewe

Tunayo programu ya wavuti ya siku nyingi, WAR moja nzito (faili moja lenye programu yote ya wavuti ya Java), inayoendeshwa na seva ya Tomcat 9 juu ya Java 8. Inatakiwa ihamie seva nyingine, WildFly 26.1, juu ya Java 11. Toleo hilo la WildFly tumelichagua kwa makusudi: ndilo la mwisho ambalo kwa kawaida yake linatumia majina ya zamani ya vifurushi vya seva, `javax`. Kuanzia 27 kila kitu ni `jakarta`, jina jipya la vifurushi hivyo, na vita viwili kwa mpigo hatuviwezi.

Kabla ya kuhama, WAR yenyewe isafishwe kwanza. Humo ndani mna jar, yaani mafaili ya maktaba za Java, zilizoongezwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na nyingine hakuna anayekumbuka ziliingiaje.

Nimeweka sharti moja kwa timu: hakuna kubadilisha namba ya toleo ndani ya `pom.xml`, faili la Maven (zana yetu ya kujenga programu) linaloorodhesha maktaba, mpaka aliyeshika kazi aonyeshe klasi inayolalamikiwa imepakiwa kutoka jar gani. `pom.xml` inaeleza tulichoomba. Tulichopewa anakijua JVM, mashine inayoendesha Java, peke yake. Wengine wameona ni urasimu. Tutaona.

Jumatatu

Hitilafu ya kwanza ilikuwa ikitusubiri. WAR ile ile, kwenye seva ya majaribio inafanya kazi, kwenye seva halisi inaanguka mtu anapofungua ukurasa wa ripoti. Tumelinganisha sha256 ya faili pande zote mbili: hazitofautiani hata herufi moja. Toleo la Tomcat ni lile lile, Java ni ile ile. Logi inasema:

```
java.lang.NoSuchMethodError: com.google.common.base.Preconditions.checkArgument(ZLjava/lang/String;Ljava/lang/Object;)V
```

Mstari huu unastahili kusomwa polepole, maana jibu lote limo humo. Herufi `Z` ni boolean, kisha inafuata String, kisha Object moja, na `V` ya mwisho ina maana methodi hairudishi kitu. Sasa, Guava, maktaba ya Google yenye vifurushi hivyo vya `com.google.common`, hadi toleo la 19 ilikuwa na `checkArgument` inayopokea boolean, String na safu ya Object, yaani zile nukta tatu za Java. Toleo la 20 likaongeza methodi nyingine zenye jina hilo hilo, zinazopokea Object moja, mbili na kuendelea, ili kukwepa gharama ya kuunda safu kila mara. Kwa anayeandika msimbo hakuna kilichobadilika: mstari ule ule unakubalika kwenye 19 na kwenye 20. Lakini kompaila ikiikuta ile ya Object moja huichagua hiyo, kwa kuwa ndiyo inayolingana zaidi, na inaiandika saini yake kamili ndani ya faili la klasi. Wakati wa kuendesha, JVM inaitafuta saini ile ile kama ilivyoandikwa. Haijiulizi kama ile ya safu ingefaa pia. Isipoikuta, inarusha hitilafu.

Kwa hiyo kuna msimbo uliokompailiwa na Guava mpya, na kwenye seva halisi umekutana na `Preconditions` ya zamani. Hapo wenzangu wawili walitaka kuishusha Guava mara moja. Tukarudi kwenye sharti. Tumewasha `-verbose:class` kwenye seva zote mbili na kutafuta jina la klasi kwenye logi. Kwenye Java 9 na kuendelea kazi hiyo hufanywa na `-Xlog:class+load`. Anayetaka jibu la klasi moja tu anaweza kuchapisha hili, akijua kwamba kwa klasi za JVM yenyewe `getCodeSource()` hurudisha null:

```java
Preconditions.class.getProtectionDomain().getCodeSource().getLocation()
```

Seva ya majaribio imejibu: `guava-31.1-jre.jar`. Seva halisi: `google-collections-1.0.jar`.

Kumbe tuna mzee ndani ya nyumba. Google Collections 1.0 ilitoka mwishoni mwa 2009, na baadaye ikamezwa na Guava. Vifurushi vyake vya `com.google.common` vilibaki na majina yale yale. Maven haioni mgongano wowote hapo, kwa sababu yenyewe hulinganisha groupId na artifactId (jina la kundi na jina la maktaba), na hizi mbili hazifanani. Kwa Maven ni maktaba mbili zisizohusiana. Kwa JVM ni klasi zilezile mara mbili, na anayetangulia ndiye anayechukuliwa.

Anayetangulia ni yupi? Hapa ndipo seva mbili zilipotofautiana. Tomcat 7 ilikuwa ikizipanga jar za `WEB-INF/lib` kwa alfabeti. Kuanzia 8 inazichukua kwa mpangilio ambao mfumo wa mafaili unazitoa, na kwenye ext4 mpangilio huo hutokana na heshi ya majina ambayo mbegu yake hutofautiana diski hadi diski. Amri ya `ls` ya kawaida haionyeshi hilo kwa sababu inapanga majina yenyewe. Jaribu `ls -U`. Tulipoiendesha pande zote mbili, kwenye seva ya majaribio `guava` ilikuwa juu, kwenye seva halisi ilikuwa chini. Miaka yote hiyo seva ya majaribio ilikuwa na bahati tu.

Jumanne

Nani ameileta google-collections?

```
mvn dependency:tree -Dincludes=com.google.collections
```

Jibu: maktaba ya zamani ya ripoti, ngazi tatu chini. Tumeiwekea `exclusion`, yaani google-collections isiletwe nayo, tumejenga upya, tumefungua WAR kwa `jar tf` kuhakikisha haimo. Ripoti zinatoka seva zote mbili. Guava yenyewe hatukuigusa. Kama tungeishusha, sehemu nyingine za programu zinazotegemea 31 zingeanguka, na tungekaa tunazifukuza.

Jumatano

Tumepandisha `jackson-databind`, maktaba ya kusoma na kuandika JSON, hadi 2.13 kwa sababu za usalama, na mara hii programu haikuwaka kabisa: `NoClassDefFoundError: com/fasterxml/jackson/core/util/JacksonFeature`.

Klasi hiyo ilizaliwa katika `jackson-core` 2.12. Sisi tulikuwa na core 2.10 kando ya databind 2.13. Mtu angedhani Maven itachagua iliyo mpya zaidi, kwa kuwa databind 2.13 yenyewe inaomba core 2.13. Haifanyi hivyo. Kanuni ya Maven ni ukaribu: tegemezi iliyo karibu zaidi na mradi ndiyo inayoshinda, na umbali ukilingana, iliyotajwa kwanza ndani ya `pom.xml` ndiyo inayochukuliwa. Ukubwa wa namba hauhesabiwi. Kwetu umbali ulikuwa sawa, na maktaba fulani ya mtandao iliyoleta core 2.10 imeandikwa juu ya databind. Basi. Mpangilio wa mistari ndani ya faili ndio ulioamua. Gradle hufuata njia nyingine, huchukua toleo kubwa zaidi, na ina hatari zake: unaweza kupandishwa hadi toleo ambalo maktaba yako haijawahi kujaribiwa nalo, na wala usipate taarifa.

Kupanga upya mistari kungetibu leo na kuugua kesho. Tumeingiza `jackson-bom` (BOM ni orodha ya matoleo yanayokwenda pamoja) ndani ya `dependencyManagement` kwa `scope` ya `import`, na matoleo ya Jackson tumeyafuta kila mahali pengine. Sasa core, databind na annotations zinakwenda pamoja. Angalizo kwa atakayeongeza BOM ya pili: mbili zikitaja kitu kimoja, iliyotangulia kuingizwa ndiyo inayosikilizwa, na hakuna onyo linalotolewa.

Mti kamili wa tegemezi tumeutoa kwa `-Dverbose` na kuupitia wote. Kazi ya kuchosha. Mistari yenye `omitted for conflict with` ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia, ila mingi haina madhara. Nilizoweka alama ni zile tu ambazo namba kuu ya toleo inatofautiana.

Ijumaa

Tumejaribu Java 11 tukiwa bado Tomcat, ili tusibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. JAXB, maktaba ya kushughulikia XML, haipo tena ndani ya JDK tangu Java 11, hilo tulilijua, tumeiongeza kwa profaili ya Maven ya Tomcat pekee kwa kuwa WildFly italeta yake. Dakika chache, imekwisha.

Kilichotuchukua mchana wote ni hiki: sehemu inayopakia data kwa wingi kwenye PostgreSQL inachukua muunganisho wa ndani na kuugeuza kuwa `PGConnection`, na hapo inarusha `ClassCastException`. Klasi `org.postgresql.jdbc.PgConnection` haiwezi kugeuzwa kuwa `org.postgresql.PGConnection`, ilhali kila mtu anajua ya kwanza inaitekeleza ya pili. Uzuri wa Java 11 ni kwamba ujumbe wa hitilafu hii sasa unataja vipakiaji (class loader, vinavyoingiza klasi ndani ya JVM): moja imepakiwa na `java.net.URLClassLoader`, nyingine na `ParallelWebappClassLoader` ya Tomcat. Katika Java 8 ungeachwa na majina mawili tu.

Kwa JVM, klasi haitambulishwi na jina peke yake bali jina pamoja na kipakiaji chake. Ni kama watu wawili wanaoitwa jina moja kutoka koo mbili: barua ya mmoja haifunguliwi na mwingine. Kiendeshi cha PostgreSQL kilikuwa ndani ya folda ya `lib` ya Tomcat, mahali pake sahihi, kwa kuwa DataSource, chanzo cha miunganisho ya hifadhidata, inaundwa na seva. Nakala ya pili ilikuwa ndani ya `WEB-INF/lib`. Muunganisho ukatoka kwa seva na klasi za seva. Msimbo wetu ukatazama ndani ya WAR kwanza, kwa sababu ndivyo Tomcat inavyofanya: baada ya klasi za JVM yenyewe, huanza na `WEB-INF/classes`, kisha `WEB-INF/lib`, ndipo ipande juu kwa klasi za pamoja. Hii ni kinyume cha desturi ya Java kwa jumla, ambapo mzazi huulizwa kwanza. Kuna njia ya kuirudisha desturi hiyo, `<Loader delegate="true"/>` ndani ya context.xml, na mwenzetu mmoja aliipendekeza. Nimeikataa. Ingetibu kiendeshi, lakini jar yoyote iliyotupwa ndani ya `lib` ya seva ingeanza kuzishinda zetu zote, na folda ile haiko mikononi mwetu.

Kiendeshi kimewekwa `provided`, yaani kitatolewa na seva. Kimetoka ndani ya WAR, na kosa limeondoka nacho.

Tukiwa hapo hapo, tumezitoa pia `servlet-api` na wenzake. Kwa Tomcat hazikuwa na madhara, maana klasi za Servlet, JSP, EL na WebSocket huchukuliwa za seva siku zote, lakini hazina kazi ndani ya WAR na hatujui seva nyingine itazifanyia nini.

Jumatatu iliyofuata

Tumeingia WildFly. Yote niliyoandika Ijumaa kuhusu nani anatangulia yasahauliwe.

WildFly haina ngazi ya wazazi na watoto kama Tomcat. Inatumia JBoss Modules: kila maktaba ya seva ni moduli inayojitegemea, na moduli haioni ila ilichokitaja. WAR yetu nayo inakuwa moduli. Inapopakiwa, seva huitazama na kuiongezea yenyewe tegemezi inazoona zinahitajika. Na mpangilio wake ni huu: kwanza tegemezi zilizoongezwa na seva, pili ulizoomba wewe, tatu ndipo jar zako za `WEB-INF/lib`. Maana yake, seva ikiamua kukupa maktaba fulani, nakala yako itakaa ndani ya WAR bila kuguswa, hata kama ni mpya zaidi.

Tumeliona hilo mara moja kwenye logi. Sisi tunatumia Logback, maktaba ya kuandika logi. Seva imetupatia SLF4J yake (daraja kati ya programu na maktaba ya logi) iliyofungwa na mfumo wake wa logi. Msimbo wetu mmoja unaogeuza `ILoggerFactory` kuwa `LoggerContext` ya Logback umeanguka, umepewa `org.slf4j.impl.Slf4jLoggerFactory`. Ni bahati kwamba msimbo huo upo. Bila huo, programu ingewaka kimya kimya na faili letu la `logback.xml` lingepuuzwa, tukashangaa wiki ijayo logi zimekwenda wapi.

Jambo la pili ni `persistence.xml`. WildFly ikiiona huleta Hibernate yake, maktaba ya kuwasiliana na hifadhidata, ambayo katika 26 ni ya mfululizo wa 5.3. Sisi tuna 5.6, na inayofungua hifadhidata ni Spring, haihitaji msaada wa seva. Tumeandika `WEB-INF/jboss-deployment-structure.xml`:

```xml
<jboss-deployment-structure xmlns="urn:jboss:deployment-structure:1.2">
  <deployment>
    <exclude-subsystems>
      <subsystem name="logging"/>
      <subsystem name="jpa"/>
    </exclude-subsystems>
    <dependencies>
      <module name="org.postgresql"/>
    </dependencies>
  </deployment>
</jboss-deployment-structure>
```

Ile moduli ya PostgreSQL ni mwendelezo wa kisa cha Ijumaa. Kwenye Tomcat, jar ikiwa `lib` ya seva kila programu inaiona. Hapa kiendeshi ni moduli iliyosajiliwa na watu wa seva, na tusipoitaja kwa jina hatuna ruhusa ya kuziona klasi zake, japo DataSource inafanya kazi vizuri. Tena muunganisho unafunikwa na klasi za seva, hivyo ule ugeuzaji wa moja kwa moja tumeuondoa na kutumia `unwrap(PGConnection.class)`.

Kwa atakayeifunga WAR hii ndani ya EAR (kifurushi kikubwa kinachobeba WAR) siku moja: faili hilo husomwa kwenye kifurushi cha juu tu. Likibaki ndani ya WAR halitasomwa, na seva haitakwambia.

Watu wa seva wameuliza kama mpango huu ungefaa pia kwa WebLogic, ambako wana programu nyingine. Wazo linafaa, faili halifai. WebLogic ina `prefer-application-packages` ndani ya `weblogic.xml`, unataja vifurushi unavyotaka vitoke kwako; WebSphere ina chaguo la mzazi kuulizwa mwisho; GlassFish ina `delegate="false"`. Kati ya hizo naipenda ile ya WebLogic, kwa kuwa inakulazimisha kutaja kifurushi kwa kifurushi. Swichi moja inayopindua kila kitu huleta maswali mengi kuliko inavyojibu.

Jumatano

Mgongano ambao hautatuliki kwa kuchagua toleo.

Maktaba moja tunayoitegemea, ya kuzungumza na hifadhi ya data ya nje, inaita `new Stopwatch()` ya Guava. Kijenzi hicho kilifungwa katika Guava 17, hivyo kwa 31 tunapata `IllegalAccessError`. Maktaba haitunzwi tena na mwenye nayo. Sehemu nyingine za programu zinahitaji Guava iliyo juu ya 20. Hakuna namba moja inayowaridhisha wote.

Tumetumia `maven-shade-plugin`. Tumeunda moduli ndogo yenye maktaba ile na Guava 16 peke yake, na kuagiza `com.google.common` ihamishwe kuwa `ndani.guava16`. Pluginu inabadilisha majina ndani ya faili za klasi zenyewe, hivyo Guava mbili zinakaa WAR moja bila kujuana.

Yaliyotusumbua: jar moja ilikuwa imetiwa saini, na baada ya kubadilishwa saini haikulingana tena, JVM ikakataa kwa `SecurityException`. Ikabidi kuchuja `META-INF/*.SF`, `*.DSA` na `*.RSA`. Mafaili ya `META-INF/services` nayo yanahitaji `ServicesResourceTransformer`, la sivyo moja linafuta jingine. Na majina ya klasi yaliyojengwa vipande vipande kwa maandishi, kwa ajili ya reflection (kuita klasi kwa jina wakati wa kuendesha), pluginu haiyatambui; tumeyatafuta kwa mkono. Hatari kubwa kuliko zote haikututokea: kama methodi za wazi za maktaba hiyo zingerudisha aina za Guava, wanaoiita wangeanza kupokea `ndani.guava16.collect.ImmutableList`, na uchafu ungesambaa kote.

Siipendi njia hii. WAR inanenepa, na zana za kukagua usalama zinaweza zisiione Guava iliyofichwa. Nimeiandika kwenye orodha ya madeni: maktaba hiyo ibadilishwe.

Alhamisi

Mlinzi wa mlangoni. Tumeongeza `maven-enforcer-plugin`. Kanuni ya `dependencyConvergence` tumeiwasha na kuizima muda mfupi baadaye. Inalalamikia kila tofauti, hata ya 1.2.3 na 1.2.4, na watu wakizoea kupuuza mlinzi hana kazi. `requireUpperBoundDeps` ina akili zaidi: inagoma pale tu tegemezi inapopewa toleo dogo kuliko iliyoomba. Ingeikamata Jackson ya Jumatano ya kwanza. Kwa google-collections isingesaidia, kwa kuwa ni majina tofauti, ndiyo maana tumeongeza `banDuplicateClasses` kutoka kwa kanuni za ziada za MojoHaus. Hiyo inafungua jar zote na kutafuta klasi iliyojirudia. Inachelewesha ujenzi kidogo. Imeibua `commons-logging` ikiwa sambamba na `jcl-over-slf4j`, ambazo zina klasi za jina moja. Ya kwanza imeondolewa.

Na kwa `bannedDependencies` google-collections imepigwa marufuku kabisa.

Hali ilivyo sasa

WAR inaendeshwa na WildFly 26.1 juu ya Java 11 kwenye seva ya majaribio, ripoti na upakiaji wa data vinafanya kazi. Seva halisi inasubiri dirisha la mabadiliko kutoka kwa watu wa seva.

Sharti la kuonyesha jar kabla ya kugusa toleo limeingia kwenye fomu ya kuomba mabadiliko: kuna kisanduku cha kubandika mstari wa logi. Hakuna aliyelalamika tena.

Kilichobaki ni `jakarta`. Tumejaribu WAR kwenye Tomcat 10 kuona tu kitatokea nini. Servlet zetu zenye `@WebServlet` ya `javax` hazikurusha hitilafu yoyote. Seva haikuzitambua, ikajibu 404 kwa kila anwani. Majina yamebadilika, kwa hiyo hapa hakuna mgongano, kuna ukimya, na `-Xlog:class+load` haitatusaidia kutafuta klasi ambayo haijawahi kuombwa. Zana ya Tomcat ya kuhamisha kutoka Java EE inabadilisha majina ndani ya WAR iliyokwisha kujengwa. Tutaanza nayo kupima ukubwa wa kazi, kisha tutafute ni jar zipi za nje ambazo hazina toleo la `jakarta`. Ile maktaba ya ripoti ndiyo ya kwanza kwenye orodha.